Faili la DLL Halipo? Mtafute Mwenyewe Kwanza

Umebofya programu, na badala ya kufunguka kimetokea kijidirisha chenye msalaba mwekundu kinachosema MSVCP140.dll haikupatikana. Wengi hulinakili jina hilo, hulipeleka Google, na tovuti ya kwanza inayojitokeza inaligawa faili lenyewe bure. Hapo ndipo tatizo dogo hugeuka kubwa. Faili la aina hiyo si yatima. Lina mwenyewe, yaani kifurushi kilicholileta kwenye kompyuta, na kazi ya utatuzi ni kumjua mwenyewe huyo na kumrudisha akiwa mzima.

DLL ni ghala la kazi ambazo programu nyingi huzihitaji: kuchora herufi, kucheza sauti, kupanga kumbukumbu, kuzungumza na kadi ya picha. Badala ya kila programu kubeba ghala lake, zote huchota mahali pamoja. Faida yake ni nafasi na urahisi wa kusasisha. Hasara yake ni kwamba faili moja likiharibika, programu tano zisizojuana huanguka siku moja.

Kwenye Windows ya biti 64 (aina ya kawaida siku hizi, inayoendesha pia programu za biti 32), maghala hayo yamegawanyika sehemu mbili, na majina yake yamewachanganya hata mafundi. C:\Windows\System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64. C:\Windows\SysWOW64 ndiyo yenye ya biti 32. Ndiyo, umesoma sawasawa: 32 imo kwenye folda yenye jina la 64. Jina System32 lilibakizwa ili programu za zamani zilizozoea njia hiyo zisivunjike.

Jambo la pili la kushika ni mpangilio wa kutafuta. Programu ikiomba DLL, Windows huanza kuitafuta ndani ya folda ya programu yenyewe, halafu System32, halafu folda ya Windows, na mwishoni folda zilizoorodheshwa kwenye PATH. Mafaili machache ya msingi, kama kernel32.dll, yametengwa na daima huchukuliwa System32. Mengine yote hufuata foleni hiyo, na ndiyo maana nakala kuukuu iliyosahaulika kando ya programu inaweza kuishinda nakala mpya iliyoko System32.

Soma ujumbe wote

Vijidirisha hivi vinafanana kwa macho, lakini maradhi ni tofauti. Ukiona "was not found" au "is missing", faili halipo popote Windows ilipotafuta. Ukiona namba 0xc000007b, mara nyingi faili lipo ila ni la biti zisizolingana na programu. Maneno "entry point could not be located" yana maana kwamba faili lipo na huenda ni zima, ila toleo lake halina kazi iliyoombwa. "Bad Image" yenye 0xc000012f ni faili lililoharibika ndani. Na dirisha lenye kichwa "RunDLL", linalotokea kila unapowasha kompyuta, ni agizo la kuanzisha kitu ambacho faili lake lilishaondolewa.

Piga picha ya kijidirisha kwa simu kabla ya kukifunga. Usiishie kwenye jina la DLL. Kichwa cha dirisha hutaja programu iliyoomba, na mara nyingi hilo ndilo linalokupeleka kwa mwenye faili.

Kisha jiulize mambo mawili. Ni programu moja tu au nyingi? Ikiwa ni moja, shughulika nayo na vifurushi vyake, usiguse mfumo mzima. Pili, kabla ya kosa kuanza ulifanya nini? Kusasisha Windows, kuondoa programu, kusafisha virusi, umeme kukatika ghafla: kila kimoja kina njia yake.

Hilo la kuondoa programu lina historia ndefu. Windows huweka hesabu ya programu zinazotumia faili la pamoja, kwenye sajili (Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedDLLs. Kila programu inayosakinishwa inatakiwa kuongeza moja, na inayoondoka kupunguza moja. Lakini hesabu hiyo hutegemea uaminifu wa visakinishi, na visakinishi vingine si waaminifu. Ndipo unapoulizwa, wakati wa kuondoa programu ya zamani, kama faili la pamoja ambalo "halitumiki tena" lifutwe. Jibu ni hapana, na hapana kwa yote. Faili likibaki bila kazi linakula kilobaiti chache. Likifutwa huku bado linahitajika, unarudi kwenye kijidirisha chenye msalaba mwekundu.

Faili halipo: jina lenyewe linamtaja mwenyewe

Kwa kompyuta ya nyumbani, sehemu kubwa ya makosa ya "haikupatikana" inatoka kwenye familia chache. Ukizijua, huhitaji kupakua DLL moja moja maishani mwako.

Familia ya kwanza ni ile inayoanza na MSVCP, MSVCR, VCRUNTIME au MFC. Hizi ni maktaba za Visual C++ za Microsoft, na namba iliyo kwenye jina ndiyo inayotaja kifurushi. MSVCR100 na MSVCP100 ni za kifurushi cha 2010. Namba 110 ni 2012, na 120 ni 2013. Kila namba inajitegemea: kuwa na cha 2013 hakuzibi pengo la 2010. Namba 140 ndiyo ya pekee, kwa kuwa kifurushi kimoja kinahudumia 2015, 2017, 2019 na 2022. Faili la VCRUNTIME140_1.dll liliongezwa wakati wa toleo la 2019, kwa hiyo likikosekana hilo tu huku VCRUNTIME140.dll ipo, una kifurushi cha zamani. Sakinisha kipya juu yake.

Jina la kifurushi ni Visual C++ Redistributable, na kinapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Pakua vyote viwili, cha x86 (biti 32) na cha x64 (biti 64). Kwa namba 140 ni vc_redist.x86.exe na vc_redist.x64.exe. Kosa linalorudiwa kila siku ni kusakinisha cha x64 peke yake kwa sababu "kompyuta yangu ni ya biti 64". Kinachoamua ni programu. Programu ya biti 32 itaendelea kulia hata ukisakinisha cha x64 mara kumi. Vyote viwili kwa pamoja ni kama MB 40, bando dogo.

Ikiwa kifurushi tayari kimo lakini kosa lipo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, kichague kwenye orodha, bofya Change kisha Repair. Ukipata kosa 0x80070666 wakati wa kusakinisha, usiogope: una toleo jipya zaidi ya hilo unalolileta. Fanyia Repair lililopo.

Ukikuta herufi D mwishoni mwa jina, kama MSVCP140D.dll au VCRUNTIME140D.dll, au jina ucrtbased.dll, acha kutafuta. Hayo ni mafaili ya majaribio ya waandishi wa programu na hayamo kwenye kifurushi cha watumiaji. Aliyekupa programu aliijenga katika hali ya Debug. Mwambie aijenge upya katika hali ya Release. Wanafunzi wanaopeana kazi za C++ kwa flash hukutana na hili sana.

Majina marefu kama api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll ni ya maktaba ya msingi ya C ambayo kwenye Windows 10 na 11 imo ndani ya mfumo. Likikosekana huko, mfumo umeumia. Ruka hadi sehemu ya "Programu nyingi zinaanguka pamoja", yenye amri za SFC na DISM za kuukarabati mfumo. Kwenye Windows 7 halikuja na mfumo. Linahitaji Service Pack 1 kwanza, kisha sasisho KB2999226.

Familia ya michezo: d3dx9_43.dll, d3dcompiler_43.dll, xinput1_3.dll, X3DAudio1_7.dll. Watu hushangaa, kwa sababu Windows 10 na 11 zina DirectX 12 na amri ya dxdiag inathibitisha hivyo. Lakini mafaili haya ni maktaba za ziada za enzi ya DirectX 9 hadi 11 ambazo haziji na mfumo. Mwenyewe ni DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010. Kifurushi kamili, directx_Jun2010_redist.exe, ni takriban MB 96. Ukikifungua kitakuomba folda ya kutoa mafaili yake. Tengeneza folda tupu, yatoe humo, halafu endesha DXSETUP.exe iliyomo. Wengi huishia hatua ya kutoa mafaili wakidhani wameshasakinisha. Kifurushi hiki hakiharibu DirectX 12. Kinaongeza tu yaliyokosekana.

Zilizobaki kwa haraka. vulkan-1.dll na nvcuda.dll huletwa na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha, kwa hiyo sakinisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi au wa laptopu. OpenAL32.dll ina kisakinishi chake, oalinst.exe. mfplat.dll ikikosekana, huenda una Windows toleo la N, lililotolewa bila vifaa vya sauti na video. Nenda Settings, Optional features, uongeze Media Feature Pack. Programu inayodai .NET Framework 3.5 huipati kwa kupakua faili: bonyeza tena Windows pamoja na R, andika optionalfeatures, weka alama kwenye .NET Framework 3.5. Kama intaneti ni ya shida na una ISO ya Windows (faili moja lenye kisakinishi kizima) inayolingana na mfumo wako, bofya ISO mara mbili, angalia imepewa herufi gani (hapa tuseme E), kisha kwenye dirisha la amri la msimamizi (Command Prompt iliyofunguliwa kwa Run as administrator) andika:

DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /Source:E:\sources\sxs /LimitAccess

Na steam_api64.dll? Kwa mchezo ulionunuliwa, fungua Steam, bofya kulia mchezo, Properties, Installed Files, kisha uhakiki mafaili, kinachokosekana kitarudishwa. Kwa mchezo uliovunjwa ulinzi, faili hilo ndilo lililochezewa, na antivairasi huliondoa kwa sababu hiyo. Kuizima antivairasi ili mchezo ufunguke ni kumkabidhi mtu usiyemjua funguo za nyumba.

Antivairasi hula pia mafaili halali, si uongo. Kabla ya kusakinisha upya chochote, fungua Windows Security, Virus & threat protection, kisha Protection history. Ukilikuta faili lako humo, na limetoka kwa chanzo unachokiamini, lirudishe kwa Restore.

Namba 0xc000007b

Hapa ndipo matunda ya tovuti za kugawa DLL yanapoonekana. Mtu alipakua MSVCP140.dll, akaambiwa aiweke System32, akaiweka. Faili alilopewa lilikuwa la biti 32. Sasa programu za biti 64 zinaingia System32, zinakuta faili la biti 32, zinakataa kuanza. Kosa la programu moja limeambukiza nyingine.

Kwanza jua programu ni ya biti ngapi. Bofya kulia faili lake la .exe, Properties, ukurasa wa Compatibility, weka alama kwenye kuiendesha kwa namna ya mfumo wa zamani, na utazame orodha. Ikianzia Windows 95, programu ni ya biti 32. Ikianzia Vista, ni ya biti 64. Ondoa alama, funga bila kuhifadhi.

Kisha ondoa kila DLL iliyonakiliwa kwa mkono. Zinajulikana kwa tarehe zake na, kwa familia ya Visual C++, kwa saini: bofya kulia faili, Properties, Digital Signatures, na uone kama Microsoft ndiye aliyesaini. Usitumie kipimo hicho kwa kila faili la System32, kwani mafaili mengi ya Windows saini zake zimehifadhiwa kwenye katalogi ya pembeni na hayaonyeshi ukurasa huo kabisa, ilhali ni halali. Ukishaondoa, fanya Repair ya vifurushi vyote viwili vya Visual C++, kisha washa kompyuta upya.

Bado? Tumia programu ndogo ya bure iitwayo Dependencies. Buruta .exe ndani yake, nayo itaonyesha kila DLL inayoombwa, imepatikana wapi, na ipi haijapatikana. Dependency Walker ya zamani ilifanya kazi hiyo, ila kwenye Windows 10 na 11 hutoa orodha ndefu ya majina ya api-ms-win yanayoonekana kama yamekosekana kumbe si kosa, na imewapoteza wengi.

Faili lipo, toleo silo

Mfano mzuri ni ujumbe unaosema GetSystemTimePreciseAsFileTime haikupatikana ndani ya KERNEL32.dll. Kazi hiyo ilianza na Windows 8. Ukiona ujumbe huo, uko kwenye Windows 7 na programu yako imejengwa kwa ajili ya mifumo ya baadaye. Hakuna faili la kupakua hapa. Kunakili KERNEL32.dll kutoka kompyuta ya Windows 10 hakutaipa Windows 7 kazi hiyo, kutaizuia kuwaka. Tafuta toleo la zamani la programu, au pandisha mfumo.

Aina ya pili imefichika zaidi, kwa sababu haitoi hata ujumbe wa entry point: programu inafunguka na kufa papo hapo, na kumbukumbu za matukio za Windows (Event Viewer) zinamtaja msvcp140.dll kwa kosa 0xc0000005. Mara nyingi ni ile foleni ya kutafuta tuliyoieleza. Programu mpya, zilizojengwa kwa Visual Studio 2022 toleo la 17.10 na kuendelea, zinahitaji msvcp140.dll ya toleo 14.40 au jipya zaidi. Zikikuta ya zamani kwenye folda ya programu, huanguka, hata kama System32 ina mpya kabisa. Andika kwenye dirisha la amri:

where /r C:\ msvcp140.dll

Subiri, itaorodhesha nakala zote kwenye diski. Iliyo kando ya .exe inayoanguka, ibadilishe jina iwe msvcp140.old kisha ujaribu. Ikipona, umempata mkosaji. Hakuna haja ya kuzifuta nakala za programu nyingine zinazofanya kazi vizuri.

RunDLL kila unapowasha

Ujumbe huu husema kulikuwa na tatizo kuanzisha faili fulani na kwamba moduli haikupatikana. Hapa usirudishe faili! Faili liliondolewa, aidha na antivairasi au na kisanidua cha programu, na kilichobaki ni agizo linaloita marehemu. Futa agizo.

Tazama njia iliyotajwa. Ikiwa ni ndani ya AppData au Temp na jina ni herufi za kubahatisha, huyo alikuwa kirusi. Fanya ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, unaochukua kama dakika 15 na kuwasha kompyuta upya. Kisha pakua Autoruns ya Sysinternals kutoka Microsoft, inayoorodhesha kila kinachojianzisha, iendeshe kama msimamizi, tafuta jina la DLL. Mistari ya njano ni ile ambayo faili lake halipo. Ondoa alama ya tiki tu, washa upya, hakikisha ujumbe umekoma, ndipo ufute mstari. Usipoupata, angalia Task Scheduler kwa kuandika taskschd.msc, kwani maagizo mengi ya namna hii hujificha huko.

Programu nyingi zinaanguka pamoja

Sasa ndiyo zamu ya kuukagua mfumo wenyewe. Windows huhifadhi nakala za sehemu zake kwenye folda ya WinSxS. Amri ya SFC hulinganisha mafaili ya mfumo na nakala hizo, ikirudisha yaliyoharibika. Lakini ikiwa WinSxS nayo imeumia, SFC inatibu kwa dawa iliyooza. DISM ndiyo inayoitengeneza WinSxS, ikichukua sehemu nzima kutoka Windows Update. Kwa hiyo kwenye Windows 10 na 11 anza na DISM, kisha SFC. Maelekezo mengi mitandaoni yamegeuza mpangilio huo, halafu mtu anabaki kushangaa kwa nini SFC imeshindwa.

Andika cmd kwenye Start, bofya kulia Command Prompt, chagua Run as administrator, kisha:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Huweza kusimama kwenye asilimia fulani, mara nyingi 20 au 62.3, kwa dakika nyingi. Usifunge dirisha. Ikiwa ni laptopu, ichomeke kwenye chaja kabla ya kuanza. Ikimaliza:

sfc /scannow

Majibu ya SFC ni manne. Hakuna kasoro: mfumo ni mzima, rudi kwenye vifurushi. Imekuta kasoro na kuzirekebisha: washa upya na ujaribu programu. Imekuta kasoro lakini imeshindwa kurekebisha baadhi: rudia DISM, kisha SFC, na ikikataa toa orodha ya mafaili kwa amri hii, ambayo itaiweka kwenye Desktop:

findstr /c:"[SR]" %windir%\Logs\CBS\CBS.log >"%userprofile%\Desktop\sfc.txt"

Jibu la nne ni kwamba imeshindwa kufanya kazi kabisa. Ijaribu ukiwa Safe Mode, hali ya Windows inayowasha vya lazima tu.

DISM nayo ikileta 0x800f081f, haikupata chanzo cha kuchukulia mafaili. Hutokea kwa intaneti dhaifu, kwa Windows Update iliyozimwa (na kwenye kompyuta zilizowekewa Windows mtaani, kuzimwa huko ni jambo la kawaida), au kwa WinSxS iliyoumia mno. Hapo tumia ISO. Inazidi GB 5, kwa hiyo ni busara kuomba kwa mwenye nayo kuliko kuipakua kwa bando la simu, ila hakikisha ni toleo lilelile: andika winver uone lako. Fungua ISO, tazama folda ya sources kama ina install.wim au install.esd, kisha ujue namba ya toleo lako humo:

DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Tafuta mstari wa Home au Pro kulingana na yako. Ikiwa namba ni 6:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\sources\install.wim:6 /LimitAccess

Kwa install.esd, badilisha jina la faili, na WIM iwe ESD.

Mfumo usipowaka kabisa, ingia mazingira ya matengenezo kwa flash ya Windows, fungua Command Prompt, na ujue kwanza Windows iko kwenye herufi gani, maana humo C inaweza kuwa D. Andika dir D:\ uone kama folda ya Windows ipo. Kisha sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows.

Linatengenezwa, linaharibika tena

SFC ikirekebisha leo na wiki ijayo ikakuta kasoro mpya, acha kulaumu mafaili. Kuna kitu kinayala.

Fungua eventvwr.msc, Windows Logs, Application, na utazame matukio ya namba 1000. Kila tukio linataja programu iliyoanguka, moduli, na namba ya kosa. Ukikuta ntdll.dll au KERNELBASE.dll kama moduli, usiikimbilie. Hapo ni mahali programu ilipofia, na aliyeiua mara nyingi ni mwingine. Ukikuta nvoglv64.dll au atio6axx.dll, shughulika na draiva ya NVIDIA au AMD. Programu tofauti, moduli tofauti, bila mpangilio: shuku RAM. Namba 0xc0000006: Windows ilishindwa kusoma kutoka kwenye diski, na hiyo ni habari mbaya.

Kwa RAM, endesha mdsched.exe, au MemTest86 kutoka kwenye flash usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Kama kuna vipande viwili, pima kimoja kimoja, kila kimoja kwenye tundu lilelile.

Kwa diski, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, uone mistari 05, C5 na C6. C5 ikiwa juu ya sifuri kwenye diski ya kuzunguka, kuna sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kuzifanya. Nakili nyaraka na picha zako mahali pengine kwanza. Kwanza kabisa, kabla ya chkdsk. Amri ya chkdsk C: /r hupitia diski yote na kuichosha, kwenye diski ya GB 500 inaweza kuchukua saa nyingi, na diski inayokufa huweza kumalizikia hapo. Kama mistari hiyo ni sifuri na tatizo lilianza baada ya umeme kukatika, chkdsk C: /f inatosha: kubali ifanyike wakati wa kuwasha, kisha rudia DISM na SFC. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS hupata hili mara kwa mara, kwa sababu faili lililokuwa likiandikwa hubaki nusu, au hubaki na ukubwa sahihi huku ndani mna sifuri tupu. Ndiyo "Bad Image" ile ya mwanzo.

Neno juu ya regsvr32, kwa kuwa kila fundi anaitaja. Amri hiyo huandikisha aina moja tu ya DLL kwenye sajili, zile zilizoundwa kuandikishwa. Hailirudishi faili lililopotea. Ikikujibu kwamba DllRegisterServer haikupatikana, faili lako si la aina hiyo, basi. Ukiitumia kwa DLL ya biti 32, ita C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe, si ile inayokuja yenyewe.

Yote yakishindikana

Kama diski na RAM ni nzima na SFC bado haipiti, kuna njia mbili kabla ya kufuta kila kitu. Endesha rstrui.exe uone kama kuna sehemu ya kurejea ya kabla ya tatizo. Programu ulizosakinisha baada ya tarehe hiyo zitaondoka, nyaraka zitabaki. Isipokuwepo, fanya matengenezo ya Windows juu ya Windows: ukiwa ndani ya Windows yenyewe, fungua ISO na uendeshe setup.exe. Mafaili yote ya mfumo huwekwa upya huku programu na nyaraka zikibaki. Acha GB 20 au zaidi zikiwa wazi kwenye C, na usianze siku ambayo umeme hauaminiki.

Kabla ya kubofya Install, soma mstari unaosema nini kitabaki. Chaguo la kubakiza mafaili na programu likiwa limefifia, lugha au toleo la ISO halilingani na la kompyuta yako. Funga dirisha hapohapo na utafute ISO nyingine.